Rikoda kwa Umri Wowote: Shajara ya Mradi wa Nyumbani

Januari. Lengo

Mradi wenyewe ni huu. Watu watatu wa nyumba moja, yaani mama yangu aliyevuka sabini, mimi ninayekaribia hamsini, na mwanangu wa miaka minane, tujifunze kupiga rikoda, ile filimbi inayoshikwa wima, kuanzia sifuri hadi tuweze kupiga pamoja wimbo mmoja wa kufuatana: mmoja anaanza, wa pili anaingia wa kwanza akiwa mstari wa pili, wa tatu anaingia baada yake, na wote wanapiga wimbo uleule mpaka unaisha. Hakuna kati yetu aliyewahi kuishika ala hii. Mama ameimba kwaya karibu maisha yake yote. Mimi nasoma solfa na nota kwa kujikongoja. Mtoto ndiyo kwanza anaanza muziki.

Nimechagua rikoda kwa sababu moja kubwa: inalia tangu pumzi ya kwanza. Filimbi ya kushika ubavuni inamtaka mwanafunzi aunde mdomo wake kwa wiki kadhaa kabla hajapata sauti ya maana, na tarumbeta inadai midomo itetemeke. Rikoda ina kizibo ndani ya mdomo wake, na juu ya kizibo hicho kuna njia nyembamba inayopeleka pumzi moja kwa moja kwenye ukingo mkali ulio chini ya kidirisha. Pumzi ikikatwa na ukingo ule, hewa iliyomo ndani ya bomba hutetemeka na nota hutoka. Kazi ya midomo imeshafanywa na mtengenezaji. Kwa hiyo mzee mwenye meno ya bandia na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele wanaanzia mahali pamoja.

Wepesi huo ndio ulioiponza. Kwa kuwa kila mtu anaweza kuipuliza, wengi huishia kuipuliza tu, na ala nzima ikabandikwa jina la kelele za watoto. Mimi naiona ala kamili. Bach, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 18, aliipa nafasi ya mbele katika konserti za Brandenburg, ya 2 na ya 4. Watunzi wa enzi yake, Telemann, Handel na Vivaldi, waliiandikia. Anayeiheshimu tangu mwanzo anaufikia muziki mapema kuliko kwa ala nyingine nyingi ninazozijua.

Januari, mwishoni. Kuchagua ala

Jamii ya rikoda ina majina yaleyale ya kwaya: soprano, alto, tenor na besi, na juu yao kuna sopranino. Soprano ina urefu wa takriban sentimita 32 na nota yake ya chini kabisa ni C. Alto ina kama sentimita 47 na ya chini kabisa ni F. Tenor ina C kama soprano, oktava moja chini.

Sote watatu tunaanza na soprano. Kwa mtoto sababu iko wazi: matundu yamekaribiana. Kwa Mama niliifikiria alto, maana sauti yake ni tulivu zaidi na haimchomi mtu sikio, lakini viungo vya vidole vyake vimekakamaa kidogo na alto hulazimisha vidole vitanuke. Ukubwa wa ala upimwe kwa mkono. Umri hauna la kusema hapo.

Zote ni za plastiki. Rikoda ya plastiki iliyotoka kwa watengenezaji wa ala za muziki, si ya duka la wanasesere, kwa kawaida huwa na sauti sahihi kuliko ya mti ya bei ya chini. Haiogopi maji, haitaki mafuta, na inaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Za mti zina utamu wake, ziwe za mpeasi au za mpingo, ila ikiwa mpya hupigwa dakika chache tu kwa siku katika wiki za mwanzo ili mti unywe unyevu polepole usije ukapasuka. Anayeanza anahitaji ala isiyomwekea saa.

Kuna jambo moja ambalo kila anayenunua rikoda ya soprano alikague. Zipo za vidole vya Kibaroko na za vidole vya Kijerumani, yaani mipangilio miwili ya kuziba matundu. Katika miaka ya 1920 mtengenezaji wa ala wa Ujerumani, Peter Harlan, alibadilisha ukubwa wa matundu ili F iwe rahisi kwa wanaoanza: unaondoa vidole kwa mpangilio, basi. Kweli F ikawa rahisi, lakini F kali (F iliyopandishwa nusu sauti) na nota nyingine kadhaa zikapoteza usawa wa sauti, na mwanafunzi analipa deni hilo miezi michache baadaye. Kuzitofautisha ni rahisi. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu. La nne likiwa dogo kuliko la tano, hiyo ni ya Kibaroko. La tano likiwa dogo kuliko la nne, ni ya Kijerumani. Sisi tumechukua za Kibaroko zote tatu.

Februari. Pumzi

Kazi ya kwanza haikuhusu vidole kabisa. Tulivua vichwa vya rikoda tukawa tunavipuliza peke yake, kwanza vikiwa wazi, kisha mwisho ukiwa umezibwa kwa kiganja. Kikizibwa, sauti inashuka na kulainika, na ukizidisha pumzi hata kidogo inaruka juu kwa kelele. Zoezi hilo linafundisha haraka kuliko maneno. Mtu anasikia mwenyewe pale pumzi inapogeuka kuwa msukumo.

Maelekezo niliyompa kila mmoja ni yaleyale: puliza kama unayetia ukungu kwenye kioo. Pumzi ya joto, ya polepole, isiyokatika. Rikoda haiongezi sauti kwa kupulizwa kwa nguvu, inachofanya ni kupanda. Niliweka simu mezani ikiwa na programu ya kupima nota, tukapiga B, ile inayozibwa kwa dole gumba, kwenye tundu la nyuma, na kidole cha shahada tu, vyote vya mkono wa kushoto. Mshale ukawa shahidi. Pumzi ikizidi, unakwenda kulia, yaani nota imepanda juu ya mahali pake. Pumzi ikilegea mwishoni mwa nota, unaanguka kushoto. Kazi ikawa kuutuliza mshale katikati tangu nota inapoanza mpaka inapokatwa.

Mama alitupita sote kwenye kazi hiyo, na wala sikumfundisha. Miaka ya kwaya imemfundisha kuvuta pumzi kwa tumbo huku mabega yametulia, kuigawa pumzi hiyo hadi mwisho wa kifungu, na kutopumua katikati ya neno. Mtoto akamwuliza, "Bibi, mbona yako hailii kwa nguvu kama yangu?" Akajibiwa, "Kwa sababu siigombezi, mume wangu." Tangu hapo neno "usiigombeze" ndilo linalotumika nyumbani, na linafanya kazi kuliko maelezo yangu yote ya mshale.

Silvestro Ganassi, mwanamuziki wa Venice aliyechapisha mafunzo ya rikoda mwaka 1535, alitaka mpigaji aige sauti ya binadamu. Nilikuwa nayasoma hayo kama usemi mzuri tu. Sasa, nikimsikiliza mwanakwaya wa miaka sabini na kitu akipiga nota tatu, B, A na G, na nota hizo zikisikika kama anatamka, nayachukua kama maelekezo ya kazi.

Machi. Ulimi

Kila nota inaanzishwa na ulimi. Ncha ya ulimi inagusa nyuma ya ufizi wa juu na kuachia, kama mtu anayesema "du". Mtoto alikuwa anaanzisha nota kwa kusukuma tumbo, "hu, hu, hu", na kila nota ikawa inaanza chini kisha inapanda. Hii ni kawaida ya watoto, hakuna aliyezaliwa anajua kwamba ulimi ni sehemu ya ala.

Tuliweka rikoda chini tukausema wimbo kwa "du" tupu, kwa mapigo yake, bila sauti ya kuimba. Halafu tukanong'ona "du". Halafu tukaishika rikoda. Katika nota za juu "tu" inafaa zaidi kwa kuwa inakata vizuri, na katika nota za chini kabisa hata "du" ni kali, "lu" ndiyo inayokaa. Wanaopiga kwa kasi hutumia silabi mbili kwa kupokezana, ila hatujafika huko na sina haraka.

Kwangu mimi ulimi ulikuwa mwepesi. Kilichonisumbua ni mkono. Mtu mzima anapokabiliwa na kitu kipya hukikamata. Vidole vyangu vilikuwa vinabana matundu mpaka kucha zinabadilika rangi, na kidole kilichobanwa hivyo hakiwezi kuondoka kwa wakati. Dawa niliyoipata ni kupiga G huku nikizidi kulegeza mkono kidogo kidogo hadi sauti inapoanza kuvuja, kisha kurudisha uzito mdogo tu unaotosha kuziba. Uzito huo ni mdogo mno, na sijaona mtu mzima anayeukadiria sawa kabla ya kuupima.

Machi hadi Aprili. Mkono wa kulia na nota zinazovuja

Hapa ndipo wengi huachia njiani, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Nota za mkono wa kushoto zilituchukua muda mfupi: B, A, G, kisha C ya juu, inayozibwa kwa dole gumba na kidole cha kati, na D ya juu, inayobaki na kidole cha kati peke yake. Nota za chini zinadai vidole vitano, sita, saba viwe vimefunga kwa pamoja, na upenyo mdogo kabisa kwenye tundu lolote unaifanya nota iruke oktava au ikwaruze.

Jambo nililoliona kwetu sote watatu ni hili: D ya chini ikigoma kutoka, kidole chenye kosa mara nyingi si kile kipya kilichowekwa sasa hivi. Ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unaponyooka kufuata matundu yake, unaivuta ala, ala inazunguka kidogo, na kidole kile cha pete kinateleza kwenye tundu la tatu bila mwenyewe kujua. Mtu anahangaika na mkono wa kulia wakati uvujaji uko wa kushoto.

Utaratibu tuliouweka: piga G, isikie imetulia. Bila kukata pumzi, weka kidole kimoja cha kulia, kisha cha pili, kisha cha tatu. Sauti inayopatikana baada ya kidole cha kwanza cha kulia haimo sawasawa kwenye rikoda ya Kibaroko, ni ya kupitia tu. Ya pili ni E, ya tatu ni D. Ikikwaruza, simama hapohapo, ondoa vidole, tazama ngozi. Kila kidole kinatakiwa kiwe na alama ya duara kamili. Nusu duara inakwambia pale pale tundu gani limeachwa wazi.

Mtoto alikuwa na nusu duara kwenye kidole cha pete cha kulia na hakuwa na alama yoyote kwenye kidole cha mwisho. Vidole vyake ni vifupi. Tulizungusha kipande cha chini cha rikoda kuelekea upande wa kulia kidogo, ili tundu la mwisho lifuate kidole badala ya kidole kulifuata tundu na kukivuta cha pete, na D ikatoka. C ya chini tumeiacha mpaka akue. Hakuna wimbo wa kuanzia unaoihitaji kiasi cha kumtesa mtoto.

Kwa Mama alama zilikuwa duara kamili lakini hafifu, na sauti ikawa inavuja hivyo hivyo. Ngozi ya uzeeni ni kavu na nyembamba, haijai kwenye tundu kama ya kijana. Tulijaribu mambo mawili. Kupaka mafuta mikononi nusu saa kabla ya mazoezi, kisha kuifuta ibaki laini isiteleze. Na kulaza vidole badala ya kuvisimamisha, ili tundu lizibwe kwa sehemu ya nyama iliyo nyuma ya ncha. La pili ndilo lililoleta tofauti kubwa. Pia lilimwondolea maumivu ya viungo, maana vidole vilivyolala havihitaji kujikunja. Baada ya hapo tukamwekea masharti: dakika kumi, apumzike, kumi nyingine. Mkono ukianza kuuma, mazoezi yanaishia hapo.

F ndiyo iliyobaki. Kwa vidole vya Kibaroko unafunga dole gumba, vitatu vya kushoto, cha shahada cha kulia, unaruka cha kati, unafunga cha pete na cha mwisho. Mtoto aliiweza kwa kuiga mkono wangu bila swali. Mimi nilitaka kwanza kujua kwa nini kidole kinarukwa. Sababu ni kwamba matundu yaliyofungwa chini ya lile lililo wazi hushusha nota kidogo, na F inahitaji huko kushushwa. Nilipojua, mkono ukakubali. Naanza kuona kwamba tofauti ya umri iko hapo zaidi kuliko kwenye wepesi wa vidole: mtoto anaingia kwa macho, mtu mzima anaingia kwa sababu, na mwalimu mwenye njia moja tu atampoteza mmoja wao.

Aprili. Maji

Rikoda zinaziba. Baada ya kupiga kwa muda, sauti inakuwa nzito, kisha inafifia, hasa nota za juu. Si mate kwa sehemu kubwa. Ni mvuke wa pumzi unaogeuka maji kwenye njia ile nyembamba kwa kuwa plastiki ni baridi. Tunapasha kichwa cha rikoda kwa kukikumbatia kiganjani au kukiweka kwapani dakika chache kabla ya kuanza. Ikiziba katikati ya wimbo, unavuta hewa ndani kwa nguvu kupitia mdomo wa rikoda, maji yanarudi, unaendelea. Kwa njia ya kudumu zaidi, tone la sabuni ya vyombo kwenye maji linapitishwa ndani ya njia ya pumzi na kuachwa likauke lenyewe, na maji hayafanyi tena matone.

Ukingo ule mkali usiguswe kwa kidole wala kwa kitambaa. Mkwaruzo mmoja mdogo pale na sauti haitarudi. Na kila mtu ana rikoda yake. Hatuazimani.

Aprili, mwishoni. Watu wawili ninaowafikiria

Macho ya Mama hayapendi nota ndogo kwenye karatasi. Nilikuza maandishi, akasoma kwa siku chache, kisha akaiweka karatasi pembeni. Anajifunza kwa sikio: namwimbia kifungu kwa solfa, anakirudia kwa sauti, halafu kwa rikoda. Kwa kuwa G ni do yetu, B, A, G kwake ni mi, re, do, na hataki jina jingine.

Ninapoulizwa kama hiyo ni njia ya mkato, namtaja Jacob van Eyck. Alizaliwa karibu mwaka 1590, akiwa kipofu, akawa mpiga kengele mkuu wa mji wa Utrecht, Uholanzi. Jioni alikuwa akipiga rikoda kwenye uwanja wa kanisa, na mwaka 1649 aliongezewa mshahara kwa sharti kwamba aendelee kuwaburudisha wapita njia kwa kirikoda chake. Mkusanyiko wake wa nyimbo takriban 140 zenye tofauti juu ya tofauti (wimbo uleule ukirudiwa kwa mapambo mapya), zote kwa rikoda moja isiyo na msindikizaji, unapigwa hadi leo na wapigaji hodari. Hakuweza kusoma karatasi hata moja.

Wa pili ni Arnold Dolmetsch. Rikoda ilikuwa imeachwa tangu katikati ya karne ya 18, filimbi ya ubavuni ikiwa imechukua nafasi yake. Dolmetsch, aliyekuwa fundi wa ala za kale, alikuwa na rikoda moja ya zamani. Mwaka 1919 mfuko uliokuwa na rikoda hiyo ulisahauliwa katika stesheni ya Waterloo, London, na mwanawe Carl ambaye alikuwa bado mtoto. Dolmetsch akaamua kutengeneza nyingine kwa vipimo alivyokuwa amevichukua. Alizaliwa mwaka 1858, kwa hiyo alikuwa na miaka 61 alipoanza kutengeneza rikoda, na kutokana na kazi hiyo ala ikarudi mikononi mwa watu. Carl alikua akawa mpiga rikoda mashuhuri. Namweleza mwanangu sehemu ya Carl, na Mama namweleza sehemu ya miaka 61.

Mei hadi Juni. Dole gumba

Wimbo wetu unatembea kutoka G hadi E ya juu, na E hiyo ndiyo mlango wa oktava ya pili. Dole gumba la kushoto, ambalo mpaka hapo lilikuwa limeziba au limeachia, sasa linatakiwa liache upenyo mwembamba sana. Upenyo ukiwa mkubwa, nota inakuwa na upepo. Ukiwa hakuna, inaanguka chini.

Ugumu wenyewe uko kwenye hatua kutoka D kwenda E. Kwenye D ya juu rikoda imeshikwa na kidole kimoja tu mbele, midomo, na dole gumba la kulia linaloibeba kwa nyuma. Ghafla E inadai dole gumba la kushoto kwa upenyo wake, vidole vitatu vya kushoto na viwili vya kulia, vyote vitue kwa wakati mmoja. Kikichelewa kimoja, inasikika nota ya tatu katikati ambayo haimo kwenye wimbo.

Kila mmoja alipita kwa mlango wake. Mtoto alirusha vidole mpaka siku moja vikatua. Mimi nilikata kucha ya dole gumba ikabaki fupi lakini yenye makali, nikajifunza kukunja kiungo ili kucha iingie ukingoni mwa tundu. Kiungo cha Mama hakikunjiki hivyo. Yeye hukiteremsha kidole chote kidogo tu, tundu likabaki na mwezi mwembamba juu, na E yake imetulia kuliko yangu. Vitabu vingi vinaonyesha njia ya kukunja peke yake, na nadhani wazee wengi wameambiwa hawawezi kwa sababu ya picha moja.

Mazoezi yaliyotusaidia sote yalifanyika bila sauti. Unaegemeza mdomo wa rikoda kidevuni, unabadilisha D, E, D, E kwa vidole tu, ukivisikia vinapogonga plastiki. Vikitua pamoja mgongano unakuwa mmoja. Vikipishana unasikia mfuatano. Ni zoezi la kufanya hata usiku watu wamelala, na lilitupa zaidi ya saa nyingi za kupuliza.

Julai. Kupiga pamoja

Tulidhani kila mmoja yuko tayari. Wawili tulipopiga B kwa pamoja, hewa ya chumba ikaanza kuunguruma. Soprano mbili zikipishana kidogo tu, sikio linasikia mapigo, wawa-wawa-wawa, na nota zikiwa mbili tofauti linasikia hata sauti ya tatu ya chini ambayo hakuna aliyeipiga. Ala chache huonyesha jambo hili waziwazi kama rikoda, kwa sababu sauti yake ni safi.

Rikoda ikiwa juu kuliko ya mwenzake, kichwa kinavutwa nje milimita moja au mbili na nota zote zinashuka. Hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni pumzi, na hapo tukarudi Februari: nota ndefu moja, wawili, kisha watatu, mpaka mapigo yanakwenda polepole, polepole, yakakoma. Mtoto alikuwa wa kwanza kusikia yanapokoma. Masikio yake yako wazi kwa sauti za juu ambazo Mama hazipati tena, kwa hiyo yeye ndiye tuliyempa kazi ya kusema "sawa". Ameichukua kwa uzito.

Agosti. Alto

Soprano tatu kwa pamoja ni kali sikioni, na Mama alisema hivyo bila kuficha. Nimehamia alto, mikono yangu inaitosha. Maumbo ya vidole ni yaleyale, majina yanabadilika: umbo lililokuwa G kwenye soprano sasa ni C, na umbo la D ya chini sasa ni G. Wimbo wetu wote unakaa kwenye alto kuanzia G hadi E, oktava moja chini ya wenzangu, bila kuhitaji upenyo wa dole gumba hata mara moja. Inachokula ni pumzi zaidi, na vidole vinatanuka.

Kichwa kinachanganya majina kwa wiki kadhaa. Nilichofanya ni kutopiga soprano kabisa kwa muda huo, na kusoma nota kwenye mistari mitano bila kupitia majina ya soprano. Jicho lione, kidole kitue. Kwa anayeanza akiwa na mikono mikubwa na hana wa kupiga naye, ningemshauri aanze na alto moja kwa moja.

Septemba. Wimbo

Umepigwa, wote watatu, mwanzo hadi mwisho, mtoto akianza, Mama akifuata, mimi na alto nikiingia chini yao. Mapigo tuliyashika kwa mguu wa Mama. Pale watatu tunapokuwa ndani kwa pamoja, mtoto yuko kwenye D na E zake za juu, Mama anashuka mi, re, do, na alto inaanza G. Kuna mahali kwenye mstari wa tatu ambapo mtoto bado anapumua mapema na E yake inakatika, na tunaufanyia kazi mstari huo peke yake.

Yanayofuata: Mama anataka F kali, kwa sababu tenzi mbili anazozipenda zina ti na haziwezi kupigwa bila hiyo. Vidole vyake ni dole gumba, vitatu vya kushoto, kisha unaruka cha shahada cha kulia na kufunga cha kati na cha pete. Ameshaanza bila mimi. Mtoto anapimwa tena kwa C ya chini mwezi ujao. Mimi natafuta tenor yenye kitufe cha kuziba tundu la mwisho, ili tuwe na sauti tatu za kweli, na nimeshaanza kunakili sehemu zake kwa maandishi makubwa.